Kikuyu Nilichokukataza

Mama yangu uliye mbali,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe kwa salamu ndefu huku ana jambo lake moyoni. Nimechoka kwa kuongea, Mama. Sikujua kuongea kunachosha hivi. Tangu asubuhi ninamwambia mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili kwamba hiki ni kikombe, lile ni jua, haya ni maziwa, yote kwa Kikuyu, naye ananitazama tu, kisha anachukua kitabu anakitafuna pembeni.

Anaitwa Nyambura. Ni msichana wetu wa pili, kwa hivyo jina ni lako. Makena, wa kwanza, alichukua la mama ya mume wangu Mutwiri, kama desturi inavyotaka, na wewe ukasubiri zamu yako. Haikukukuta. Huyu alizaliwa miezi mitano baada ya sisi kukuzika. Wanawake wa kwetu walipokuja kumwona na uji wao, dada yako wa Kiriaini alimpakata, akamkagua masikio na vidole, akaniambia mbele ya wote, "Huyu ni mama yako amerudi. Sasa mwongeleshe vizuri." Wengine walicheka. Mimi nilijitia nina kazi jikoni. Dada yako anajua. Kila mtu kwetu anajua kwamba nilikukataza kuongea na mjukuu wako.

Ndiyo maana najichosha. Nataka huyu mtoto aijue lugha yako. Hilo tu. Sitaki awe profesa.

Na wewe ulinipa lugha tatu bila kuvunjika mgongo! Nakumbuka kibanda chako cha nyanya pale Karatina, na lile rundo la magazeti makuukuu ya kufungia. Hukufunga nyanya kabla sijasoma ukurasa. "Soma kwanza hapa," ungesema, ukinionyesha kwa kidole chenye udongo, na mteja amesimama pale ameshika kikapu. Kuna mama mmoja alikujia juu: "Mama Wangui, gari inaniacha!" Ukamjibu bila hata kumtazama, "Gari ni mingi. Ngoja afike mwisho."

Lakini mwisho haukuwapo, kwa sababu ukurasa ulikuwa umechanwa. Habari ya mwizi ilikatika pale polisi wanapobisha mlango. Hapo ndipo uliponimalizia kwa Kikuyu, ukitunga papo hapo, na kila mwizi wako aliishia kutumbukia mto Ragati na viatu vya wenyewe mkononi. Nilicheka hadi nikasahau kupanga vitunguu. Kiswahili nikakiokota kwenye magazeti yale na kwa wafanyabiashara waliotoka Nanyuki, Kiingereza nikapewa shuleni, Kikuyu kikawa ni wewe. Hakuna aliyekaa chini kupanga.

Mimi nilikaa chini nikapanga. Makena alipofika miaka mitatu tulimpeleka kwa mahojiano ya chekechea. Mwalimu akamwonyesha picha ya mbuzi, akamuuliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Mtoto akajibu "mbũri" kwa sauti kubwa, kama ulivyomfunza, akafurahi na akapiga makofi. Mwalimu akatabasamu tabasamu lile la upande mmoja, akaandika kitu. "Kumbe nyumbani mnaongea kienyeji?" akaniuliza. Tukaambiwa tujaribu tena mwaka unaofuata. Aibu iliyonishika siku ile, Mama, ungedhani nimekamatwa nikiiba.

Jumapili ukaja kama kawaida yako, na nduma na kabichi, ukaanza kumwita Makena tangu langoni. Nikakuvuta jikoni kabla hajakufikia. "Tafadhali, Mama, usimwongeleshe Kikuyu. Unamharibia Kiingereza."

"Sasa nitamwongelesha nini?"

"Kiingereza kidogo kidogo."

"Hata Kiswahili?"

"Kiswahili watamfunza shuleni."

Nilitaka unigombeze, haki ya Mungu. Ungenigombeza ningekujibu, tungezozana, jioni tungekuwa tumesahau. Wewe ukasema "Sawa," ukaanza kumenya nduma.

Ukaitimiza hiyo sawa yako kwa miaka mitatu. Sijui ni nani aliyekufunza yale maneno matano: "Come. Eat. Sit. Good. Bye-bye." Ulikuja nayo Jumapili iliyofuata ukiwa umeyakariri. Makena akakimbilia kwako na habari zake zote za wiki, wewe ukamwambia "Sit," ukampa kipande cha nduma, ukamwambia "Eat." Baada ya hapo ukanyamaza. Mwanamke ambaye soko zima lilinyamaza kumsikiliza, nilimwachia maneno ya kuamrisha tu. Nami niliona. Usidhani sikuona. Nilijiambia tu kwamba ni kwa faida ya mtoto, na mwaka uliofuata ile shule ilipomwita, nikajiona mshindi.

Mama Kokila wa dukani alijaribu kunizindua. Unamkumbuka, yule mama Mhindi mwenye duka la vitambaa ninakofanya kazi, anayebishana na wazee kwa Kikuyu cha Nyeri kukupita hata wewe. Mjukuu wake hucheza chini ya kaunta, naye humwongelesha Kigujarati, wasichana wa dukani Kiswahili, wateja Kikuyu, na mtoto huwajibu wote bila kukwama. Siku moja akaniuliza, "Wangui, hii mtoto yako na nyanya yake wanaongea nini?"

"Kiingereza," nikasema.

"Kwani mama yako anajua Kiingereza?"

Nikainama kupanga vitambaa. Akaendelea kupima kitambaa chake. "Basi hawaongei," akasema.

Nilimkasirikia wiki nzima. Leo ningempigia magoti, lakini naona haya.

Sasa ndio hivyo, tumegawana. Mutwiri akirudi kutoka kule Timau kwenye shamba la maua, humwongelesha Nyambura Kimeru cha kwao. Mimi na Mutwiri ni Kiswahili. Makena analeta Kiingereza chake cha shule. Na mimi, Kikuyu, kuanzia kuoga hadi kulala. Nesi wa kliniki aliniambia, "Mama, unachanganya mtoto. Chagua moja, wacha hizo zingine." Jirani naye ana shauri lake, ati mtoto atachelewa kuongea. Na kweli hajasema neno. Hata moja. Wenzake wa umri huu wanaita baba, wanaita paka. Narudi nyumbani nimejikaza, nikifunga mlango nalia.

Vitabu ndivyo vinanimaliza kabisa. Vya watoto wachanga vya Kikuyu sijavipata hapa mjini, kwa hivyo nachukua vya Kiingereza, vyenye theluji na mbweha waliovaa koti, navigeuza Kikuyu papo hapo. Juzi nilifika kwenye picha ya kipepeo nikakwama. Mtoto ameweka kidole pale, anangoja. Neno halikuja. Nina miaka thelathini na sita, Mama, na lugha uliyoninyonyesha inanikatikia katikati ya ukurasa. Nikampigia dada yako simu. "Umenipigia kwa sababu ya kipepeo?" akaniuliza, akacheka hadi akakohoa. Kisha akanipa neno, polepole, mara mbili, na akawa hacheki tena.

Makena naye ameanza kusimama mlangoni tukisoma. "Mum, mbona unafunza baby peke yake?" Nikamwambia njoo ukae. Sasa hukaa, hurudia kila neno baada yangu, na Kikuyu chake kinatoka kama cha mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Nataka kucheka na siwezi. Ana miaka saba. Anasoma vitabu vinene vya Kiingereza bila kusaidiwa, hilo walimu wake walitimiza, siwezi kuwanyima haki yao.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mutwiri. Ile siku ya mwisho hospitalini nilikuja na Makena kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Ulitaka maji ya moto, nikatoka na chupa ya chai kuyatafuta. Nilikawia, foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilisikia sauti yako kabla sijafika mlangoni. Ulikuwa unaongea, Mama. Kikuyu, haraka haraka, kama zamani sokoni, na Makena amesimama, umemshika mkono, ameinua uso anakusikiliza. Nilikusikia ukitaja jina lake. Nikaongeza hatua nipate kusikia.

Ukaniona. Ukanyamaza pale pale, katikati ya neno. Ulinitazama kama mtu aliyekutwa na kosa, ukamwachilia mkono mtoto, ukamwambia, "Good. Sit."

Ningesema, "Endelea, Mama." Ni maneno mawili. Nilimimina maji nikakuuliza kama ni moto mno.

Walinipigia asubuhi iliyofuata.

Tulipomaliza mazishi nilimkalisha Makena nikamuuliza shosho yake alimwambia nini siku ile. Akafikiri sana, maskini, alitaka kunisaidia. "Sijui, Mum. It was very long. Nilikuwa nasema tu okay." Nimemuuliza tena na tena tangu hapo. Neno moja tu? Hata mlio wake? Hukunja uso, hujaribu, hutikisa kichwa. Anachokumbuka ni kwamba mkono wako ulikuwa moto, na kwamba hukuwa na huzuni. Anasema ulikuwa unacheka kidogo.

Basi yale uliyomwachia mjukuu wako aliyapokea yote, akayaitikia okay, na hakuna mtu duniani atakayejua ni nini. Uliyasema kwa anayekupenda, katika lugha niliyohakikisha haijui.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Pumzika, Mama. Ukiwa una la kuongeza, liseme lote hadi mwisho, hata nikiingia.

Nawaita wote wawili sasa waje kwenye mkeka tusome.

Binti yako aliyekunyamazisha,
Wangui