Shada la Ruta

Dublin, 2 Mei 2004

Dada Genovaitė mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima; Ugnė ana miezi minane na meno mawili. Mgongo wako unaendeleaje?

Mimi na Rytis tutafunga ndoa tarehe 21 Agosti, kanisani kwetu kijijini. Nina ombi moja. Nisukie shada la kuvaa kichwani, la majani ya ruta kutoka kwenye bustani aliyotuachia Mama. Bila hilo nitajiona kama mgeni mbele ya altare.

Mdogo wako,
Vaida

Beržynas, 19 Mei 2004

Mdogo wangu Vaida,

Barua yako ilifika tarehe 14. Mgongo haujambo, mvua tu ndiyo inayousumbua. Nambusu Ugnė.

Nimeifurahia habari ya harusi, lakini shada siwezi. Ruta ni ya mwali, nawe unanyonyesha. Jirani yetu Bronė ameshanibana kisimani: "Genė, safari hii utamsukia nani, bibi harusi au mtoto wake?" Wenzake wakacheka. Mimi nikainua ndoo nikaondoka.

Vaa maua ya dukani. Nayo yanapendeza.

Dada yako

Dublin, 1 Juni 2004

Dada,

Hatujambo. Nimekuelewa. Hatuji tena, tutafunga ndoa hukuhuku, siku ileile.

Vaida

Beržynas, 8 Agosti 2004

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote watatu. Nilikuandikia tarehe 20 Juni na tarehe 11 Julai, nikazichana barua zote mbili.

Nina miaka arobaini na saba na sijaolewa. Unajua asiyeolewa huku huzikwa na shada lake. Juzi nilikuwa napalilia, nikajiuliza ruta hii namtunzia nani. Vaida, nilikunyima la harusi yako ili nibakize la jeneza langu. Maneno ya Bronė yalikuwa kisingizio tu.

Jana nilikata yote, saa sita mchana. Ndiyo, najua hukatwa jua likishatua, maana utomvu wake ukipigwa na jua huunguza ngozi. Lakini jioni nani angeniona? Bronė alisimama ugani.

"We Genė, umerukwa na akili? Unamkatia nani?"

"Mdogo wangu."

"Mwenye mtoto?"

"Huyohuyo. Sina mwingine."

"Na Padri atasemaje?"

"Padri akitaka, apande yake."

Mikono imetoka malengelenge hadi kwenye viwiko, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Shada limo kwenye boksi hili, limezungushiwa kitambaa kibichi. Kama umekasirika bado, litupe, ila usinirudishie.

Dada yako anayekupenda

Dublin, 30 Agosti 2004

Dada yangu Genė,

Mikono imepona? Paka mafuta ya bata, tafadhali.

Boksi lilifika tarehe 19. Shada lilikuwa limelegea upande mmoja. Rytis alitaka kulifunga uzi, nikamkatalia. Nililivaa vilevile, nikalia mpaka karani wa ndoa akaniletea maji.

Baada ya chakula ukafika wakati wa kulivua shada na kunifunga kitambaa cha kichwani cha mke. Wenzangu wa kazini walijitolea. Nikawaambia hapana, kazi hiyo ni ya mama, na mama akiwa hayupo ni ya dada mkubwa. Kwa hiyo sijafungwa kitambaa mpaka leo. Kwa desturi yetu mimi bado ni mwali, na Rytis analalamika kwamba ameoa nusu.

Tunafika Jumamosi, tarehe 11 Septemba, kwa basi la mchana. Nitashuka nimelivaa, mbele ya Bronė na kijiji kizima. Njoo na kitambaa.

Mdogo wako,
Vaida