Panya Wangu Hawatakuponya

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima. Mpwa wako kang'oka jino la mbele, sasa anacheka kwa kuziba mdomo.

Ulifurahi sana niliposimulia habari za maabara: panya tunaowalisha mafuta na sukari mpaka kisukari kikomae, na jinsi vidonda vyao vilivyofunga kwa dawa tunayoijaribu. Jana wifi alinipigia simu akinong'ona.

"Kaka yako kagoma kukatwa kidole cha mguu. Anasema anasubiri dawa ya dada yake."

Nilitafuta kiti nikakaa.

Kaka, panya si mtu. Ngozi yake imelegea, kwa hiyo kidonda chake hujivuta kikafunga kama mdomo wa mfuko unaovutwa kwa kamba. Ngozi yetu imeshikamana na nyama. Kidonda lazima kijae taratibu kutoka chini, na kwa sukari yako hakijai. Dawa yetu haijamgusa binadamu hata mmoja, na huenda isimguse kamwe.

Najua utasema, "Mguu ni wangu." Ni wako, ndiyo. Lakini leo daktari anaomba kidole. Ukimnyima, kesho ataomba mguu.

Nimechukua ruhusa kazini. Ijumaa asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na teksi ikisubiri. Ukitaka kunigombeza, tutagombana njiani kwenda hospitali.

Ila wifi usimkaripie. Amechoka kulala kando yako akijifanya hasikii harufu.

Ni mimi, mdogo wako mbishi.