Mzee wa Kona Anastaafu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya kwanza kukanyaga mtaa huu niliipokea mimi. Bila mimi watu wa huku wangekuwa bado wanategea kipanya kwa kipande cha mkate. Tena ilikuja imegoma, mafundi watatu wamenyoosha mikono. Nikaigusa mgongoni mara moja tu — ikaamka. Au mbili. Miaka kumi na moja sasa iko kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa alichofuma marehemu dada. Tunaiita Mzee wa Kona.

Leo mpwa wangu katangaza kuwa Mzee anastaafu. Mume wake kamnunulia mpya, nyembamba kama daftari la shule. Jumamosi wanahamisha faili zote. Eti, Mjomba, mwenzio kachoka, mwache apumzike. Nikamwambia humu ndani nitasema mimi nani kachoka. Akacheka, mkono tumboni. Mimba ina mwezi wa nane huu. Tumbo linatangulia mlangoni, yeye anafuata nyuma.

Najua anachokitaka humo. Sauti ya mama yake. Dada alikuwa mkunga, na mwaka ule wa mwisho wa ugonjwa wake alikaa pale kwenye kona na kipaza sauti kidogo, jioni baada ya jioni, akirekodi maneno ya mwanawe. Ayasikilize siku atakayojifungua, si kabla. Alituapisha nyumba nzima. Miaka sita faili ile haijafunguliwa.

Mpwa kaniomba mara ngapi tuipeleke kwa fundi atoe nakala! Nami hujibu vilevile: mashine yangu haiendi kwa fundi. Daktari haendi kwa mganga.

Jumatano, 5 Machi

Mzee kachelewa kuamka.

Siku zote nikimwasha hunisalimu kwanza. Maandishi meupe kwenye weusi, Kizungu kitupu, mistari mitatu minne, halafu namba zinahesabu. Mkwe, mume wa mpwa, aliwahi kuniuliza yanasema nini. Nikamwambia ni itifaki, mashine inamtambua mwenyewe. Nabonyeza popote, anaendelea.

Leo salamu zimejaa skrini nzima. Nikabonyeza — kimya. Nikabonyeza tena. Ndani kukatoka sauti: tik, tik, tik. Kama mtu anayejaribu ufunguo usio wake kwenye mlango wako, taratibu, akidhani umelala.

Mimi ni fundi wa kufuli. Sefu ya benki nimeifungua kwa uma wa kulia wali, meneja akanilia begani. Sauti ya kitu kinachokaribia kukatika ndani naijua. Robo saa ikapita, ndipo akaamka.

Sikumwambia mtu. Nikawatoa wote sebuleni, nikamzima. Kumzima Mzee ni kazi yangu peke yangu, na nikizima sitaki mtu chumbani. Ndiyo sheria ya nyumba tangu mwanzo. Utaalamu haufanywi mbele ya watazamaji.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe ananibembeleza. Anasema, Mjomba, ile faili ya mama tuitoe leo, mengine yasubiri kesho. Kwa nini leo, nikamuuliza. Basi tu, akasema, moyo wangu hautulii.

Nikamjibu moyo usiotulia unywe maji. Nikisema Jumamosi ni Jumamosi.

Ukweli sikutaka aisikie ile tik tik. Leo asubuhi imedumu nusu saa. Halafu kuna harufu, ya vumbi linaloungua.

Jumamosi, 8 Machi

Walikaa kama wako harusini. Mpwa kwenye kiti chenye mto, mkwe kasimama, ile mpya mezani inang'aa. Nikatoa hotuba. Nikaeleza jinsi Mzee alivyowahi kupigwa na radi na kesho yake akafanya kazi mara mbili ya jana. Mpwa akasema, Mjomba, radi ilipiga nguzo ya mtaa wa pili. Nikasema ndiyo, ilikuwa inamtafuta yeye.

Nikawasha.

Hakukuwa na salamu. Tik, tik, tik. Halafu tak — moja, nzito. Halafu mstari mmoja mfupi kwenye weusi. Nilikuwa naanza kuwaambia kuwa ana usingizi. Mpwa ni mwalimu, akausoma kwa sauti: inasema haioni diski.

Nikamgonga mgongoni. Nikamgonga tena. Mkwe akanishika mkono — mimi! — akasema, Mjomba, basi.

Mpwa hakulia. Afadhali angelia. Alikaa anakiangalia kile kitambaa mapajani mwake, akasema polepole: "Simu yake iliibiwa, kanda zililowa. Sauti yake ilikuwa imebaki humu tu."

Nikaanza kisa cha yule tajiri aliyejifungia ndani ya gari lake mwenyewe. Huwa kinachekesha mpaka wagonjwa. Nimefika katikati, nikaona hakuna anayesikiliza.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna anayesema nami. Si kwamba wamenuna. Wananipita tu kama kabati.

Kitambaa kimekunjwa. Kona iko uchi.

Mpwa anashika kiuno. Nesi kasema mtoto kashuka, huenda asisubiri tarehe yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimembeba Mzee mwenyewe. Miaka kumi na moja nimejisifu sitampeleka kwa fundi, leo nimempeleka, nyuma yangu mpwa na mumewe kama wasindikizaji wa maiti.

Fundi ni binti mmoja wanamwita Miwani. Duka lake liko chini ya ngazi, ukiinuka vibaya unapasua kichwa. Alifungua ubavu, akapuliza vumbi, akakohoa. Akasema humu ndege angetaga na kulea. Sikucheka. Akatoa diski, akaichomeka kwenye waya wake, akainamisha sikio. Kichwa pembeni, pumzi kaibana. Hivyo hivyo ndivyo mimi ninavyosikiliza kufuli. Nikamheshimu, japo sikumwambia.

Aliizima upesi. Anasema huenda sauti ipo nzima, huenda imekwisha chubuka. Kila ikizunguka inajikwaruza zaidi, kwa hiyo anategemea mzunguko mmoja mzuri, akibahatika miwili. Kuna njia mbili za kuingia. Kama imechakaa kwa uzee, aifungue na kubadilisha kitu ndani. Kama imekuwa ikikatiwa umeme njiani, isifunguliwe kabisa, aisome polepole kutokea nyuma. Akianza na njia isiyo yake, hakuna mara ya pili.

Akanigeukia. "Mjomba, ilikuwa inazimwaje?"

Mkwe akadakia: haizimi mtu mwingine, ni Mjomba tu. Tena kila ikiwaka ilikuwa inatoa maandishi kwanza.

"Maandishi gani?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, salamu.

Miwani akatabasamu kidogo. Halafu akaacha kutabasamu. Akauliza tena, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto ameficha nini nyuma ya mgongo. "Mjomba, ilikuwa inazimwaje?"

Mpwa kasimama pale, mikono yote miwili tumboni.

Nikasema: "Kwa utaratibu wake wote."

"Basi ni uzee," akasema Miwani, akaandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya diski. Ataanza Jumatano saa nne.

Jumanne, 11 Machi

Leo kaja mteja na ufunguo uliokatikia ndani ya kitasa. Umekatikaje, nikamuuliza. Wenyewe, akasema. Wote husema wenyewe. Kumbe kakigonga kwa nyundo, alama zinaonekana. Nami nina maneno yangu ya siku zote, nimewahi hata kutaka kuyachora ukutani kwa rangi: ukinidanganya jinsi kilivyovunjika, nitakivunja kilichobaki.

Nikafungua kinywa nimwambie. Hayakutoka.

Nilifunga duka mapema.

Dada alijua. Aliwahi kunikuta nikimzima Mzee, siku nilipodhani amesinzia kwenye kochi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "We mdogo wangu, ndivyo wanavyofanya huko ofisini?" Nikamwambia ndiyo njia ya haraka, ya wakubwa. Akafuta machozi, akasema, kamuulize mtu, kuuliza hakuvunji mguu. Kesho yake akasema tena. Sikumuuliza mtu. Naye hakunisema kwa mtu yeyote.

Labda kanisema humo ndani.

Jumatano, 12 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi mpwa kaanza uchungu. Mkwe kampeleka. Mlangoni mpwa akanigeukia, jasho limemtoka, akasema, Mjomba, wewe kaa karibu na simu ya fundi. Ikipatikana ile sauti niletee kule kule. Hata dakika moja. Hata akinigombeza.

Nimekaa.

Saa tatu na dakika kumi. Kona naiona kutoka hapa. Kwenye sakafu kuna mraba safi alipokuwa Mzee, na ukutani, chini kabisa, soketi yenye alama nyeusi pembeni, za kuungua. Sikuwahi kuziona. Kitambaa kilikuwa kinazifunika.

Saa tatu na nusu mkwe kapiga. Bado. Anauliza sauti imepatikana. Kwa nyuma namsikia mpwa anaita, mama, mama, jinsi wanavyoita wote, lakini huyu najua anamwita nani.

Saa tatu na dakika arobaini na tano Miwani kapiga mwenyewe. Anasema bisibisi iko mkononi. Anasema, Mjomba, nakuuliza mara ya mwisho, si kwa ubaya. Nikamwambia subiri kidogo, kuna mtu mlangoni. Hakuna mtu mlangoni.

Simu nimeilaza hapa kando ya daftari, haijakatwa. Namsikia anapumua. Anasema, Mjomba, upo?

Ngoja niliandike kwanza hapa, nione kama linaandikika, ndipo nilitamke.

Sijui kuzima kompyuta. Sijawahi kujua. Miaka kumi na moja nimekuwa nachomoa waya ukutani.