Nilichoandika Chini ya Video ya Mjomba

Jumamosi, Msambweni. Jua kali, upepo hakuna.

Wewe shajara hunitazami usoni, kwa hivyo nitakwambia.

Mjomba Ndurya huchonga nyuso za watu waliokufa, kwa miti iliyokufa. Visiki vya mikorosho hasa. Karakana yake ni banda la makuti nyuma ya nyumba yetu, na wiki nzima nimekuwa nikimrekodi kwa simu, kazi ya klabu ya filamu shuleni. Hachongi polepole kama watu wanavyodhani. Hupiga. Shoka kwanza, huku akikitukana kisiki, kisha tezo, kisha moto wa kuibabua mbao mpaka iwe nyeusi.

Jana alimaliza uso wa mama. Mama yangu, dada yake. Nilikuwa nimeanza kukisahau kidevu chake.

Kwa furaha nikaweka kipande mtandaoni, na chini yake nikaandika: "Mjomba wangu anafufua maiti."

Kwa Kiingereza ingekuwa sifa, mwalimu angenipigia mstari wa pongezi. Nikaitafsiri vile vile.

Huku kwetu hiyo ni kumwita mtu mchawi.

Leo wamekuja vijana saba hivi, na mapanga. Mmoja tulikaa naye dawati moja darasa la sita. Mjomba akawakaribisha, akidhani wamekuja kutazama. Wakazipasua nyuso zote. Wa mama waliuacha mwisho. Panga likaingia kwenye jicho, likanasa, na mjomba akaweka kiganja juu ya paji la mama, kama unavyomkinga mtoto na jua.

Panga la pili halikungoja.

"Haya, mfufue sasa," yule wa dawati langu akasema. Wenzake wakacheka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Sikupiga hata kelele.

Vidole viwili. Kimoja daktari amekishona. Cha pili nilikiokota mimi kwenye maranda, nikakifunga kwa leso, lakini tulichelewa.

Hospitalini mjomba aliniuliza jambo moja tu, nani aliyaandika maneno yale ambayo vijana waliyasoma kwenye simu. Nikasema sijui. Akasema, "Basi usilie, mwanangu. Mama yako nitamchonga tena, nitajifunza mkono wa kushoto."

Video nimeifuta.

Kesho ni mimi wa kumpelekea uji na kumlisha. Nimwambie ukweli kwenye kijiko cha kwanza, au cha mwisho? Naogopa atakikataa kijiko. Naogopa zaidi atafungua mdomo, ale.