Kikombe cha Msumarini

Woolwich, London
Oktoba 1988

Mdogo wangu Time,

Pokea salamu tele, tele kuliko chawa waliotulea. U hali gani, na hayo magoti yako je? Na mumeo, bado anakoroma mpaka kuku wa jirani wanahama? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaingia na mimi navaa soksi mbili mbili, miguu imekuwa kama mihogo.

Nakujulisha kwamba kaka yako sasa ni mwalimu. Nimesomesha historia katika skuli ya Harrow, Wazungu na Wahindi kimya, na mkuu wa skuli akanipa mkono. Watangazie watu barazani, na huyo Abdulwakil anayesema darasa la tano nililiona dirishani tu umwambie mara mbili.

Haya, usiwaambie. Sikusomesha kitu. Nilikaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni, na neno nililosema mbele ya watu ni moja tu. Ngoja nikueleze.

Mjukuu wangu Mardhiya anasoma huko Harrow tangu mama yake alipopata kazi ya ofisini huko huko. Skuli nzima, mweusi ni yeye na bibi mmoja anayepakua chakula. Sasa London wameanzisha jambo: Oktoba ni mwezi wa historia ya watu weusi. Mwalimu wake, Jane, mtu mwema kabisa, akababaika kama mwenye harusi asiye na bwana harusi, maana mwezi anao, watu weusi hana. Basi kila kitu akawa Mardhiya. Akapigishwa ngoma, akapigwa picha akabandikwa ukutani, akaulizwa simba wanalala wapi. Mtoto kazaliwa hapa Woolwich, simba kamuona kwenye pakti ya biskuti.

Ndipo Jane, kwenye mkutano wa wazazi, akauliza ni wazee gani waliotoka Afrika. Wahindi wetu wakanyanyua mikono, maana nusu ya skuli ni wao, wa Nairobi, wa Kampala, wa Unguja. Na wa kwanza alikuwa Kishor, wajukuu zake wako hapo. Kishor yule yule wa Mkunazini, ambaye kwao Mama alikuwa akifua nguo. Akasema ataleta vitu vya Afrika na atazungumza, na mimi nialikwe.

Mardhiya alifurahi mpaka hakulala. Alikwishajigamba darasani kwamba babu yake na babu mwenye duka ni ndugu, na kwamba babu yake ana kikombe chake mwenyewe nyumbani kwa kina Kishor, hakigusi mtu mwengine. Hayo kayatoa kwangu. Unakikumbuka kile kikombe cha bati cha maua, kilichokuwa kikitundikwa kwenye msumari uani kwao? Mama yake Kishor akinimiminia maji kutoka juu juu, kama anamwagilia mchicha, nikidhani ndiyo adabu ya Kihindi. Na Wahindi wetu walipokuja huku kwa wingi, mwaka ule wa theluji, mimi ndiye niliyekwenda uwanja wa ndege kumpokea Kishor na mkewe Sudha, nikavua koti langu nikamvisha Kishor. Sudha alipofungua sanduku la vyombo, kikombe changu kikatoka. Time, nililia. Nikasema watu wameacha nyumba, wameacha duka, wamekumbuka kikombe changu. Nimekinywea chai kwao Harrow miaka yote hii, kinatundikwa jikoni kwenye msumari vile vile.

Basi siku yenyewe nimevaa kanzu na koti, Kishor tai. Akasimama akaeleza karafuu, akaeleza baba yake alivyofungua duka. Halafu akakinyanyua kikombe. Kiingereza changu ni cha melini, lakini kinatosha. Akasema kwao watumishi walikuwa wakitunzwa vizuri, kila nyumba iliwawekea kikombe chao mbali, wasichanganye na vya watu wa nyumbani. Akaninyooshea mkono, akasema huyu hapa mtoto wa dobi wetu, tulimpenda sana. Watoto wakapiga makofi. Jane akapiga makofi. Mardhiya mikono yake ilikuwa mapajani, ananitazama mimi.

Nikafikiri Kishor anafanya mzaha, maana sisi mizaha ndiyo yetu. Palikuwa na birika la chai mezani. Nikakijaza kile kikombe, nikampelekea mbele ya watu wote, nikamwambia, Karibu. Ndilo neno langu hilo. Kishor akakitazama. Akacheka kidogo, akasema daktari kamkataza sukari. Na asubuhi ile nimemuona kwa macho yangu anakula jalebi, vidole vinamtiririka shira.

Nikabaki nimesimama na chai mkononi. Mardhiya akanyanyuka, akanipokonya, akainywa yote, na chai haipendi hata kuinusa. Akakirudisha mezani kimefunikwa kifudifudi, akenda kukaa.

Sasa nikuungamie. Ndani ya basi Mardhiya aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nilikuwa nikijua kikombe kile maana yake nini. Nikamwambia nilijua siku zote, nilikuwa nawachezea tu. Uwongo, Time. Sikujua. Nimekuwa mzee mpaka nikatolewa tongotongo na mtu anayeniita ndugu. Lakini nilipendelea mtoto adhani babu yake ni mjanja.

Akaniegemea begani, akaacha kuuliza. Nadhani hakuniamini.

Na wewe, mwanamke, nina neno nawe. Tulipokuwa tukifuatana na Mama pale uani, jua linachoma utosi, wewe kila ukipewa maji ulisema huna kiu. Kila siku huna kiu, na njiani ukinywa kwenye mfereji kama ngamia. Ulijua. Na Mama alijua. Mkaniacha nikitamba. Kishor naweza kumnunia, nyinyi niwafanye nini?

Msalimie mumeo akiamka, na watoto wote, na Abdulwakil msalimie nusu.

Na ukumbuke ulipovunja bakuli la Mama la kunywea uji, fimbo nilikula mimi. Ukimya wangu wa siku ile hujaulipa, nami nakudai bakuli. Mpe yeyote anayekuja huku kikombe kimoja cha hapo nyumbani. Sitaki kipya. Nataka kilichokwisha kunywewa na wewe, na mumeo, na kila mtoto anayeingia na kutoka.

Kaka yako,
Muhiddin