Alama za Kutoa Zilizopotea

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto wote. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba wifi bado anakukataza kubeba vitu vizito. Huku kwetu mambo yanaenda.

Uliniuliza kwa simu mbona nimekuwa adimu. Ni kitabu cha hesabu cha sekondari, nilichokuwa nakipanga kurasa katika kiwanda chetu cha uchapaji. Hesabu huziandiki kama barua hii. Unaandika amri, na programu inazigeuza kuwa milinganyo. Tena programu yenyewe haijui kila kitu. Unaiongezea vifurushi: kimoja cha alama, kingine cha mwandiko, yaani sura ya herufi, kingine cha michoro. Mwandishi, mwalimu mstaafu mkali kama pilipili, alitaka mwandiko mpya. Nikaongeza kifurushi chake, balaa likaanza. Kompyuta iligoma, ikidai kuna amri iliyokwisha kutambulishwa. Nikainyamazisha kwa njia ya mkato. Kurasa zikatoka, lakini alama za kutoa zimeyeyuka. Saba toa mbili ikawa saba, nafasi, mbili.

Mwalimu alikuja juu. Alisema mtoto atakokotoa, atakosa, kisha atalaumu akili yake mwenyewe. Niliondoa vifurushi vyote, nikavirudisha kimoja kimoja huku nikitazama ukurasa uleule. Kumbe vilivyokuwa vikigombana ni cha alama na cha mwandiko: vyote vilitaka amri moja, na kilichoitwa mwisho kilifuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Nikatanguliza mwandiko, alama zikafuata. Kompyuta ikatulia.

Ila mimi niliendelea kuona mapengo. Si mengi, hapa moja, pale jingine. Nikachokonoa tena, nikafuta, nikaweka, nikamsema vibaya huyo aliyetengeneza kifurushi, popote alipo. Msahihishaji wetu, tunayemwita Mama Nukta kwa kuwa hata nukta haimpiti, alichukua karatasi akasema alama zote zipo. Nikambishia. Alishika kidole changu, akakiweka penye pengo, akaniambia nisogeze kichwa kidogo. Alama ikatokea. Nikarudisha kichwa, ikapotea.

“Mdogo wangu,” akasema, “hiyo sasa siyo kompyuta.”

Kaka, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu; kwa simu ningeishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Nina presha ya macho. Imekwisha kula sehemu ya uoni wangu, na kilicholiwa hakirudi. Amenipa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Nilimuuliza mbona siumwi. Akajibu kwamba haiumi, na kwamba jicho moja humfichia mwenzake aibu mpaka mambo yaharibike. Kitabu kimekwenda mtamboni kikiwa safi. Kazi bado ninayo, na Mama Nukta anapitia kila ukurasa wangu. Sijalia, kama ndilo unalotaka kujua.

Daktari aliniuliza habari za wazazi. Nikamsimulia baba: alivyokuwa akimimina chai nje ya kikombe, alivyokuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na sisi tukimcheka. Nilidhani naye atacheka. Aliweka kalamu chini, akasema maradhi haya hutembea katika damu, na ndugu zangu wote lazima wapimwe.

Basi nenda ukapimwe. Usiniandikie kwamba unaona vizuri. Hata mimi nilikuwa naona vizuri.

Wasalimie wote nyumbani, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Nangoja majibu ya daktari wako, siyo yako.

Mdogo wako,
Kiroboto