Kikombe cha Kukumbukana

Tarehe 2 Februari. Mwezi wa kumi na moja tangu niondoke.

Bibi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Cherehani bado inapiga kelele? Mimi ni mzima, ila si mzima sana, na wewe sikufichi.

Kichwa kinanizunguka. Kilianza Desemba. Tunapaka rangi jengo la ghorofa kumi na mbili, tumesimama kwenye jukwaa la mabomba. Juzi, ghorofa ya saba, niliinama kuchovya brashi, ukuta ukaondoka ukaniacha. Nilikumbatia bomba kwa mikono miwili. Brashi ikashuka chini peke yake. Mwenzangu, tunayemwita Mrefu, akauliza, "Vipi, umeona jini?" Nikasema nimeteleza.

Msimamizi hajui. Akijua atanishusha. Watakaomaliza ukuta huu wanarudi makwao Juni, wa chini wanahamishiwa jengo jingine mpaka mwakani. Kwa hiyo nimenyamaza.

Ahadi tuliyopeana mlangoni siku naondoka naishika: kila nikikukumbuka, nakunywa kikombe. Huku ni kahawa.

Mjukuu wako

*

19 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Magoti yapo, hayajakimbia. Cherehani ni nzima kuliko mimi.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Shuka huko! Juni ikija bila wewe nitalia siku mbili. Ukija umelala kwenye sanduku, nitalia mpaka nikufuate. Mwambie msimamizi, kisha nenda zahanati. Na usinijibu kwamba umepona kabla hujaenda. Nilikulea mimi, uongo wako naujua ukiwa bado tumboni.

Kichwa changu nacho kinazunguka, lakini changu ni cha uzee, hakina dawa. Nikitunga uzi naona sindano mbili. Wiki iliyopita nilishona mkono wa shati kwenye kiuno cha suruali. Mwenye suruali alicheka, nami nikacheka ili asijue.

Ahadi naishika pia. Chai ya rangi, nzito. Nawe nakukumbuka mno.

Bibi yako, mkeo wa kwanza

*

12 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wateja hawajambo.

Nimemwambia msimamizi. Hakufoka. Alinivua mkanda wa usalama kwa mkono wake, hilo ndilo lililoniuma. Sasa nakoroga rangi chini. Nikikaa wiki sita bila kizunguzungu, na cheti cha zahanati, nitapanda. La sivyo, Juni nitaiona kwenye kalenda.

Nesi alipima masikio, presha na damu. Kisha akaanza kunihoji kama polisi.

"Asubuhi unakula nini?"

"Kahawa."

"Mchana?"

"Samaki wa kopo na kahawa."

"Jioni supu ya pakiti na kahawa?"

"Hapana. Jioni kahawa ni mbili."

Jumla tisa kwa siku. Akauliza za nini zote hizo. Nikasema namkumbuka bibi yangu. Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka mwenzake akachungulia mlangoni. "Kaka," akasema, "mpende kidogo kidogo."

Alinieleza kahawa ina kitu cha kuamsha, kafeini. Wapo wanaokunywa wasione kitu, na wapo inaowachokoza kichwa. Chumvi nyingi ya makopo, tumbo tupu na kiu ya juani vinaweza kuzidisha. Si kila kizunguzungu kinatoka huko, ndiyo maana kanipa daftari: niandike nilichokula, nilichokunywa, na saa kichwa kilipozunguka. Vikombe nipunguze polepole, nisiache kwa siku moja.

Bibi, chai nayo ina kafeini. Sema kweli: vingapi?

Mjukuu wako

*

15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi hujaandika. Sijakuzoea hivyo.

Nimefika vikombe viwili. Asubuhi nakula yai na mkate, maji nabeba chupa kubwa. Siku kumi na sita kichwa kimetulia. Siku ya kumi na saba nilirudia supu ya pakiti, kesho yake dunia ikayumba. Daftari halina huruma.

Nijibu hata kwa matusi.

Mjukuu wako

*

24 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, aibu tu ndiyo ilinifunga mkono.

Vikombe kumi na moja.

Nilikasirika. Nikasema, nesi wa mbali, hanijui, ndiye aninyang'anye chai yangu? Nikaacha yote siku hiyohiyo nikuonyeshe kwamba haisaidii. Kichwa kiliniuma siku tatu, nikamtukana hata paka. Uliandika polepole; nilisoma ninachotaka.

Nimekwenda zahanati, wamenipima, wamenigombeza. Sasa ni vikombe viwili, vyepesi, na sianzi kazi kabla sijala. Jumanne uzi uliingia kwenye sindano mara moja. Nilimwita jirani aje ashuhudie. Akasema, "Ndiyo hilo tu?" Hajui kitu.

Nikikukumbuka nakunywa maji. Tatizo ni kwamba nashinda njia ya chooni. Punguza kukumbukwa.

Mkeo

*

30 Mei

Bibi,

Shikamoo. Furahi, nimepanda!

Kwanza msimamizi aliniinamisha mara thelathini palepale chini, brashi mkononi, wenzangu wakihesabu kwa sauti. Mrefu alihesabu kumi na tisa mara mbili, mshenzi yule. Kisha msimamizi akasoma cheti, akanifunga mkanda mwenyewe. Ghorofa ya kumi na mbili nimeipaka mimi, kona hadi kona. Nikiinama, ukuta unanisubiri.

Umebaki mlango wa mbele na kusafisha mabomba. Nimechoka, Bibi, lakini ni uchovu wa kawaida, ule unaoisha ukilala.

Nitafika tarehe 21 Juni, kabla ya adhuhuri. Usibandike sufuria kubwa. Chukua birika dogo, la vikombe viwili. Siku hiyo hatutakuwa na wa kumkumbuka.

Mumeo